Kitambua moshi cha kutengeneza nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia chaja hadi darini

Malalamiko kuhusu sakiti hii huwa ni yale yale. Mmoja anasema baza inalia tangu achomeke umeme, na akileta moshi ndipo inanyamaza. Mwingine hajawahi kuisikia hata mara moja. Wa tatu ndiye wa kuhurumiwa zaidi: kifaa chake kililia vizuri mezani alipokijaribu kwa kiberiti cha gesi, akakipachika darini kwa furaha, kisha siku maharage yalipoungua nyumba ikajaa moshi na kifaa kimya.

Wote watatu huwa wameunganisha nyaya karibu sawasawa. Kinachowaangusha ni transista isiyofaa, umeme usiotosha, au kurekebisha kihisi kwa gesi badala ya moshi. Kwa hiyo hapa sehemu ya kuunganisha ni fupi. Maneno mengi yako kwenye kurekebisha na kujaribu.

## Mipaka ya kifaa hiki

Hiki ni kifaa cha ziada na cha kujifunzia. Nyumba ya wageni, bweni la wanafunzi au duka lenye watu wanaolala humo panahitaji kitambua moshi cha kiwandani kilichothibitishwa. Usiweke cha kwako mahali pa kile.

Pia usikitegemee kwa jiko la mkaa. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini bila moshi wowote kuonekana. Kihisi cha MQ-2 tutakachotumia kinaigusa hewa hiyo kwa mbali tu, si kwa kiwango cha kukulinda. Jiko la mkaa litolewe nje kabla ya kulala, kifaa kiwepo kisiwepo.

## Vifaa vya kuandaa

Vyote hivi hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, Kariakoo kwa walio Dar es Salaam au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi. Fundi redio wa mtaani naye huwa na rezista na transista za kubandua kwenye mbao kuukuu za sakiti.

- Moduli ya MQ-2 yenye miguu minne: VCC (umeme chanya), GND (hasi), DO (unaotoa jibu la ndiyo au hapana) na AO (unaotoa volti inayopanda na kushuka). Nunua moduli nzima, si kihisi kitupu.
- Baza ya volti 5, ile inayolia yenyewe ukiipa umeme.
- Transista ya PNP: BC557 au 2N3906.
- Rezista ya 2.2k, yaani kiloomu 2.2. Mistari yake ya kwanza ni nyekundu, nyekundu, nyekundu.
- Kapasita ya mikrofaradi 100, volti 16.
- Kitufe kidogo cha kubonyeza, cha majaribio.
- Chaja ya simu ya volti 5 inayotoa angalau ampia 1, pamoja na waya wake wa USB.
- Pawabenki, kwa ajili ya umeme ukikatika.
- Bredibodi (ubao wa kuunganishia bila kulehemu) na nyaya zake, multimita (kipimo cha umeme), pasi ya kulehemu na risasi yake.
- Kiboksi cha plastiki chenye nafasi ya kutosha.
- Vijiti vya udi kwa majaribio.

Betri ya volti 9 ya mraba haimo kwenye orodha, ingawa michoro mingi huionyesha. Ndani ya MQ-2 kuna kipasha joto kinachokula karibu miliampia 150 saa zote. Betri ile itakufa ndani ya saa chache, na kabla haijafa volti zitakuwa zimeshuka kiasi cha kihisi kutoa majibu ya uongo.

## Hatua ya 1: Hakiki umeme kabla ya kingine chochote

Kata waya wa USB upande wa simu, menya ganda, tafuta nyekundu na nyeusi. Kwa kawaida nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini nyaya za bei rahisi hazifuati sheria hiyo sikuzote. Chomeka chaja, pima kwa multimita, ndipo uamini. Nyaya nyingine mbili zifunge kwa utepe zisigusane na kitu.

Chaja yenyewe usiifungue. Ndani yake kuna volti 230, na mradi huu hauna sababu yoyote ya kukufikisha huko.

Sasa unganisha nyekundu kwenye VCC ya moduli na nyeusi kwenye GND, kisha pima tena hapo hapo kwenye miguu ya moduli wakati kifaa kinafanya kazi. Unatafuta volti 5, au pungufu kidogo sana. Ukisoma 4.6 au chini, chaja ni dhaifu au waya ni mwembamba na mrefu mno. Badilisha sasa. Kipasha joto kisipopata volti zake, hakuna marekebisho yatakayokaa.

Taa ndogo ya umeme kwenye moduli itawaka, na baada ya dakika chache kile kichwa cha wavu kitakuwa na uvuguvugu ukikigusa. Harufu kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Kikiwa baridi kabisa baada ya dakika tano, rudi kwenye nyaya.

## Hatua ya 2: Acha kihisi kipate moto usiku na mchana

Watu wengi huiruka hatua hii. Kihisi kipya kinatakiwa kukaa kwenye umeme kwa saa 24 au zaidi kabla ya kukirekebisha.

Sababu ni hii: ndani kuna utando wa oksidi ya bati. Ukiwa na joto katika hewa safi, unazuia umeme usipite kirahisi. Gesi zinazotoka kwenye kitu kinachoungua zikiugusa, kizuizi hupungua na volti kwenye mguu wa AO hupanda. Kihisi kilichokaa stoo miezi kadhaa kimenyonya unyevu na uchafu, na majibu yake huyumba hadi vyote vikauke. Ukirekebisha siku ya kwanza, siku ya pili utakuta kimehama.

Weka multimita kati ya AO na GND, andika usomaji jioni, andika tena asubuhi na jioni inayofuata. Namba inapoacha kushuka na kutulia mahali pamoja, kihisi kiko tayari. Namba hiyo iandike kwa kalamu chini ya kiboksi. Tutaiita volti ya hewa safi.

## Hatua ya 3: Kagua baza na transista

Gusisha baza moja kwa moja kwenye volti 5, mguu mrefu kwenye chanya. Ikipiga kelele mfululizo, ndiyo tunayoitaka. Ikitoa "tik" moja na kunyamaza, hiyo ni ya aina inayohitaji mawimbi kutoka sakiti nyingine, irudishe dukani.

Kuhusu transista, angalia kwa makini. Shika BC557 uso bapa ukikutazama, miguu chini: kushoto ni kolekta, katikati besi, kulia emita. Kwenye 2N3906 mpangilio umegeuka: kushoto emita, katikati besi, kulia kolekta. Ukifuata mchoro wa moja ukiwa na nyingine mkononi, sakiti haitafanya kazi na utalaumu kihisi bure.

## Hatua ya 4: Unganisha kwenye bredibodi

Mguu wa DO kwenye moduli hii hufanya kazi kinyume na wengi wanavyotarajia. Hewa ikiwa safi, DO iko juu, karibu volti 5. Moshi ukija, DO inashuka hadi karibu sifuri. Ndiyo maana aliyetumia BC547, ambayo ni NPN, baza yake inalia mchana kutwa na kunyamaza wakati wa moto. Na aliyeunganisha baza kati ya DO na GND hasikii kitu, kwa sababu mguu huo hauna nguvu ya kusukuma umeme nje. Mguu huo unaweza tu kuvuta umeme chini, tena kiasi kidogo. Transista ya PNP ndiyo inayogeuza mvuto huo kuwa mlio.

Chomoa umeme, kisha fuata:

1. Chanya ya volti 5 iende VCC ya moduli na emita ya transista.
2. Hasi iende GND ya moduli na mguu mfupi wa baza.
3. Kolekta ya transista iende mguu mrefu wa baza.
4. DO iende upande mmoja wa rezista ya 2.2k, upande wa pili uende besi.
5. Kapasita iwe kati ya chanya na hasi, mstari wenye alama ya kutoa upande wa hasi. Ukiigeuza inaweza kuvimba na kupasuka.
6. Kitufe kiwe kati ya DO na GND.

Mguu wa AO uache wazi. Ni wa kupimia tu.

Rezista usiiruke ukidhani ni mapambo. Bila hiyo, besi itavuta umeme mwingi kupitia DO na kuua kidude kilichomo kwenye moduli, kinachoitwa LM393, ambacho kinahakikishiwa kuvuta miliampia 6 tu. Kwa 2.2k tunatumia karibu 2, na taa ya moduli inachukua chake.

Washa umeme. Baza iwe kimya. Bonyeza kitufe: ilie. Achia: inyamaze. Ukifika hapo, upande wa mlio umekamilika. Ila kumbuka kitufe kinajaribu transista na baza peke yake. Kihisi hakijaguswa bado. (Baza ikilia mwanzoni kabisa na kunyamaza baada ya dakika mbili tatu, huo ni upashaji joto wa kawaida kila unapowasha.)

## Hatua ya 5: Rekebisha kwa namba, si kwa kubahatisha

Kwenye moduli kuna potenshometa, kiboksi kidogo chenye msalaba wa bisibisi. Ndiyo inayopanga kizingiti: volti ya AO ikivuka hapo, kifaa kinalia. Wengi huizungusha hadi taa ya DO (ile ya pili kwenye moduli, si ya umeme) izime na kuondoka. Kizingiti kinaweza kuwa kimekaa juu ya hewa safi kwa unywele, au kikawa mbali kiasi kwamba moshi haukifikii kamwe. Kwa macho huwezi kutofautisha.

Geuza moduli. Tafuta mguu wa kati wa potenshometa upande wa chini, weka hapo ncha nyekundu ya multimita, nyeusi kwenye GND. Hicho unachosoma ndicho kizingiti. Tuseme hewa safi ilikuwa volti 0.5. Zungusha taratibu hadi kizingiti kisome kati ya 0.7 na 0.8, yaani volti 0.2 hadi 0.3 juu ya hewa safi. Hapo ni pa kuanzia tu, hatua inayofuata ndiyo itakayoamua.

Kwa nini tusikaribie zaidi? Kwa sababu volti ya hewa safi yenyewe inapanda na kushuka na joto na unyevu. Mtu wa Tanga au Mombasa msimu wa masika atajua ninachosema: kifaa kilichobanwa sana kitamwamsha usiku wa manane kwa mvua tu.

Ncha ya multimita isigusanishe miguu miwili kwa pamoja. Hilo likitokea, moduli inaweza kufa papo hapo.

## Hatua ya 6: Jaribu kwa moshi halisi

Achana na kiberiti cha gesi. MQ-2 inaihisi gesi ya aina hiyo kwa ukali zaidi kuliko moshi, kwa hiyo kifaa kilichorekebishwa vibaya kabisa bado kitalia ukikipulizia. Jaribio hilo linakuambia kihisi ki hai. Halikuambii kama kitaona godoro linalofuka.

Anza na udi wa kijiti. Uwashe, uzime mwali, shika ncha inayofuka kama shubiri moja chini ya kihisi na uangalie AO. Namba itapanda polepole. Udi mmoja kwa karibu unatakiwa uamshe baza ndani ya nusu dakika hivi. Ondoa udi, pepea hewa, na baada ya muda baza inyamaze yenyewe.

Jaribio la pili ndilo la maana. Kaa na ndoo ya maji pembeni, madirisha yakiwa yanafunguka, na mtu mwingine akiwepo. Weka kifaa juu ya kabati. Kwenye sufuria kuukuu sakafuni, weka kipande cha kitambaa cha pamba ukubwa wa kiganja, kifukishe bila mwali. Moshi utapanda, utatanda darini, kisha utakifikia kifaa. Kwa chumba cha kawaida, baza ilie ndani ya dakika moja au mbili tangu uone moshi umetanda juu. Isipolia, punguza kizingiti kwa volti 0.05 na urudie baada ya chumba kupata hewa.

Usichome plastiki wala sponji kwa jaribio. Moshi wake ni sumu.

Usikisogezee mwali kihisi, na wala usiondoe ule wavu wa chuma unaokifunika. Wavu upo ili joto la ndani lisiwashe gesi iliyo nje.

Kikipita majaribio haya, kiache mezani siku mbili tatu katika maisha ya kawaida ya nyumba. Utagundua vitu vinavyokisumbua: manukato ya kupuliza, spiriti, dawa ya mbu ya kuwasha, na bila shaka chetezo. Katika nyumba inayofukizwa udi kila Ijumaa, kifaa kitalia kila Ijumaa. Hiyo si hitilafu. Ni moshi kweli. Kihamishie chumba kingine badala ya kukipunguzia makali.

## Hatua ya 7: Lehemu na utie kwenye kiboksi

Bredibodi ni ya mezani. Darini nyaya zake hulegea, na kifaa kilicholegea hakitoi taarifa. Hamishia kila kitu kwenye ubao wa kulehemu, kila kiungo kiwe na risasi inayong'aa na iliyoshika pande zote. Vuta kila waya kwa vidole. Unaong'oka haukuwa umeshika.

Toboa kiboksi matundu mengi ubavuni na chini, kichwa cha kihisi kikitokeza nje. Taa ya umeme nayo lazima ionekane kutoka nje. Kifaa kisicho na umeme kinakaa kimya sawa na kifaa kilicho kwenye hewa safi, na taa ndiyo pekee itakayokuambia tofauti.

Usitumie silikoni kuziba au kugandisha. Mvuke wake huharibu kihisi moja kwa moja. Skrubu ndogo zinatosha.

## Hatua ya 8: Mahali pa kukipachika

Moshi wa moto hupanda, kwa hiyo pachika darini, katikati ya chumba au angalau sentimita 10 kutoka pembe ya ukuta na dari, maana pembeni hewa huzubaa. Kaa mita 3 au zaidi kutoka jiko, na mbali na upepo wa feni. Sehemu nzuri kuliko zote ni nje ya milango ya vyumba vya kulala, kwa kuwa baza hii ndogo haina sauti ya vile vya kiwandani. Lala, funga mlango, mwambie mtu abonyeze kitufe. Kama hukuamka au hukusikia, weka baza ya pili ndani ya chumba au sogeza kifaa.

Nyumba ya mabati isiyo na dari ina tatizo lake. Mchana hewa iliyo chini ya bati huwa na joto kali, na moshi mwepesi huishia chini ya tabaka hilo bila kufika juu. Ning'iniza kifaa kwenye kenchi, chini kidogo ya bati.

Kwa kuwa MQ-2 inahisi gesi, wengine hutaka kitumike pia kwa mtungi. Hapana: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Cha darini kitachelewa kuijua.

## Hatua ya 9: Umeme ukikatika

Umeme ukikatika ndipo mishumaa inapowashwa, na huo ndio wakati kifaa hakitakiwi kuzimika. Chaja iingie kwenye pawabenki, pawabenki ilishe kifaa. Yenye mAh 10,000 iliyo nzima itakisukuma zaidi ya siku nzima.

Si kila pawabenki inakubali kuchajiwa na kutoa umeme kwa pamoja. Jaribu: chomoa chaja ukutani na uangalie taa ya kifaa. Ikipepesa na kurudi, sawa. Ikizima hadi ubonyeze kitufe cha pawabenki, hiyo haifai. Iweke mahali unapoweza kuigusa, si juu ya dari ambako joto la mchana litaivimbisha.

## Utunzaji

Bonyeza kitufe kila wiki. Mara moja kwa mwezi tumia udi, kisha pima tena volti ya hewa safi na uilinganishe na uliyoiandika chini ya kiboksi. Ikiwa imehama, hamisha kizingiti kiasi hicho hicho. Mkipaka rangi nyumba, shusha kifaa na ukifunge kwenye mfuko hadi harufu iishe.

Kikilia kwa kweli, watu watoke kwanza. Tanzania, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

## Kikigoma

Kinalia muda wote. Kama taa ya DO kwenye moduli inawaka pia, kizingiti kiko chini mno au kihisi hakijapata moto wa kutosha. Kama taa imezima na baza bado inalia, transista ni NPN au miguu imegeuzwa.

Hakilii hata kwa kitufe. Anza na baza, uipe volti 5 moja kwa moja. Ikilia, tazama emita na kolekta.

Kitufe kinafanya kazi, moshi haufanyi. Pima AO ukiwa na udi. Namba ikipanda, shusha kizingiti. Isipopanda kabisa na kichwa cha kihisi kiko baridi, kipasha joto kimekatika. Badilisha moduli, haitengenezeki.

Kinalia usiku tu. Pima hewa safi saa hiyo hiyo ya usiku, siyo mchana, kisha weka kizingiti kwa kufuata namba hiyo na urudie jaribio la kitambaa.